Anashtaki Kila Mtu

Nilipogombea kwa mara ya pili nafasi ya mwendesha mashtaka wa baraza letu, tangazo langu la kampeni lilibandikwa katika mitaa ya mji huu kuanzia Bertrams mpaka Joubert Park, na chini ya picha yangu yaliandikwa maneno haya: "Mchagueni Bi. Mwanaidi. Anashtaki Kila Mtu."

Aliyeandika ni binti yangu Rehema. Wengi wenu mnamjua, na wengi wenu mko kama yeye: mmezaliwa hapa, Kiingereza chenu ni cha shule, Kizulu chenu ni cha mtaani, na Kiswahili mnakisikia vizuri ila kukitoa mdomoni ndiyo kazi. Rehema alitaka kusema kwamba mama yake hapendelei mtu. Alikuwa amekwisha kuyachapisha na kuyabandika kabla sijayaona. Asubuhi yake nimesimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, karibu na uwanja wa mpira nikingoja kuvuka, fundi viatu mmoja Mrundi akanijia, kofia mkononi.

"Mama," akasema kwa adabu, "na mimi nimekosa nini?"

Sasa nimestaafu, na nyinyi mnaotaka kuishika nafasi ile mmeniomba niwaambie ninayoyajua. Sheria sikuisomea, kwa hiyo msitegemee vifungu. Mkate wangu niliupata kwenye duka langu la viungo kule Kensington. Baraza lilikuwa kazi ya jioni na Jumapili, bila mshahara, na mara nyingi nilirudi nyumbani nimetukanwa na pande zote mbili. Hata hivyo, nikihesabu neema nilizopewa katika mji huu, kazi ile naiweka juu kabisa.

Kwa asiyejua, Umoja wetu ni wa Waswahili wote wa upande huu wa mji: Mtanzania, Mkongo, Mkenya, Mrundi, kila mtu na Kiswahili chake. Wanachama wakikoseana, wazee wa baraza husikiliza, na mtu mmoja aliyechaguliwa kwa kura ya siri husimama kueleza shtaka, kuita mashahidi na kuuliza maswali. Damu ikimwagika au mtoto akiguswa, hilo si letu, ni la polisi. Yetu ni yale ambayo hakuna ofisi yenye nafasi nayo: masengenyo, ahadi, wateja walioibiana, uaminifu uliovunjika. Adhabu yetu kubwa ni moja tu, kumtoa mtu katika Umoja. Msiione ndogo. Mnajua inavyokuwa mitaa ikichafuka na watu wakipita wakiimba kwamba wageni warudi kwao. Tunashusha milango ya maduka na kupigiana simu: uko wapi, watoto wamefika, njooni mlale kwetu. Aliyetolewa katika Umoja, siku kama hiyo simu yake hailii.

Aliyenifundisha kazi ni mwenyekiti wa baraza, Papa Mulumba, mwalimu mstaafu wa Lubumbashi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Kabla hajanifundisha chochote, alinicheka.

Lilikuwa shauri langu la kwanza. Fundi cherehani mmoja alishtakiwa kwamba amechukua mashine ya mwenzake. Shahidi wangu, Mkongo, akasimama akasema, "Nilimuona kwa macho yangu. Alikamata ile mashine." Mimi mtoto wa Tanga, nikisikia mtu amekamata kitu, namwona polisi amekamata mwizi. Nikasimama na kuwahutubia wazee: mshtakiwa ameirukia mashine, ameinyang'anya, amemdhulumu mwenziwe mchana kweupe. Nilisema kwa uchungu, na akina mama wawili wakafuta machozi. Papa Mulumba akavua miwani, mabega yanamtikisika.

"Mama Mwanaidi," akasema, "kwetu nikikupa chai nakuambia kamata. Unakamata, unakunywa. Mwulize shahidi wako mashine ilikamatwa namna gani."

Nikamwuliza. Kumbe mwenye mashine mwenyewe alikuwa amempa mkononi, akamwambia kamata, na yule akakamata. Tangu siku ile kila shahidi nilimwuliza jambo moja mara mbili, mara ya pili kwa kumwomba anionyeshe kwa mikono. Nawausia hivyo. Katika mji huu tunasema lugha moja, lakini maneno yetu hayakulelewa nyumba moja.

Jambo la pili alilonifunza ni kunyamaza. "Acha shahidi apumue," alikuwa akininong'oneza. Mtu akimaliza kueleza, kijana mwenye haraka hudakia na swali linalofuata. Wewe tulia. Mtazame kama unamngoja akumbuke kitu. Wengi hawawezi kuvumilia ukimya. Watautia neno, na neno hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Basi muhula wangu wa kwanza ukapita hivyo, nikakosea na kujirekebisha, na ukikaribia kwisha nikaamua kugombea tena. Mshindani wangu alikuwa Bwana Otieno, Mkenya fundi wa simu, kijana mwenye sauti nzuri, na ahadi yake ilikuwa fupi: asiyeaminika atoke. Watu waliipenda. Upande wangu alikuwa Kaka Shaban, mwenye duka la vitenge na kanga katika ujia wa maduka kule Joubert Park. Shaban ni mtu wa Dar es Salaam, mwenye ulimi mtamu na marafiki kila kona. Yeye ndiye aliyeongoza kampeni yangu. Alinipatia ukumbi, akanitaja msikitini baada ya swala na sokoni baada ya mauzo. Nilikuwa na hakika ya kushinda.

Kisha duka la Shaban likaibwa.

Ilikuwa karibu na Idd, amejaza mzigo mpya. Alikuwa amefunga mapema siku hiyo, na aliporudi marobota ya vitenge yalikuwa yamekwenda. Lango la ujia halikuvunjwa, wala kufuli la duka. Yote mawili yalifunguliwa kwa ufunguo. Polisi wakampa namba ya kesi, na huo ukawa mwisho wao. Macho ya watu wote yakamgeukia mlinzi wa lango, Dieudonné, Mkongo kama Papa Mulumba, mwanachama wa Umoja, baba wa watoto wadogo. Na shahidi alikuwapo: Mama Neema, msusi mwenye kiti chake ng'ambo ya barabara, mbele ya spaza, kiduka cha mtaani. Alisema alimwona Dieudonné jioni ile akifungua lango na kuwaingiza watu wenye mkokoteni. Mama Neema si mtu wa kusema uongo. Nilimjua miaka mingi, alinisuka siku ya harusi ya mdogo wangu.

Shauri likafunguliwa barazani. Dieudonné alikana, akasema saa ile alikuwa amekwenda kununua mkate. Mwenye jengo akamsimamisha kazi mpaka baraza liseme. Shaban alitaka atolewe katika Umoja, na ukumbi mzima ulitaka hivyohivyo.

Mimi sikumwamini Dieudonné wala sikumkataa. Lakini Papa Mulumba alikuwa na desturi: kabla ya kumsimamisha shahidi mbele ya watu, kasimame aliposimama, saa ileile, na macho yako mwenyewe. Basi jioni moja nikaenda Joubert Park na Rehema. Nikakaa kwenye benchi karibu na kiti cha Mama Neema, yeye akiendelea kusuka, tukazungumza mambo ya watoto. Rehema nilimtuma upande wa pili, na nilikuwa nimemwambia la kufanya.

Mkiijua barabara ile, mnajua jua la jioni huingia moja kwa moja kutoka magharibi, likapiga vioo vya jengo la kona na kukurudia usoni. Nikajaribu kutazama lango, nikaona weupe tu, na ndani ya weupe kivuli cha mtu mwenye koti la manjano anahangaika na kufuli.

Mama Neema naye akainua macho. "Ah," akasema, "Dieudo amerudi kazini? Si mlisema amesimamishwa?"

"Ndiye?" nikamwuliza.

"Si yule pale anafungua."

Nikanyamaza. Nikamwacha apumue. Mtu mwenye koti akageuka, akavuka barabara kuja kwetu, na alipoingia kivulini kofia ikatoka na misuko ikamwagika mabegani. Alikuwa Rehema.

Mama Neema aliacha nywele za mteja wake zikaning'inia. Hakukasirika, kama nilivyoogopa. Alikaa chini pale ukingoni mwa barabara, mkono kifuani.

"Niliona koti," akasema polepole. "Mwanaidi, mimi niliona koti, uso nikautia mwenyewe. Ningeapa kwa Mungu kwamba ni yeye."

"Hukusema uongo, dada."

"Lakini angetoka."

Rehema akatueleza alivyolipata lile koti. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kibandani mwa mlinzi, na kando yake zilining'inia funguo zote, wa lango na za maduka, kwa amri ya mwenye jengo, ili mpangaji akisahau wa kwake asimsumbue. Kibanda hakikuwa na mlango. "Eish, mama," akasema, "hata mimi ningeweza kuiba."

Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo. Sikuwa nimejua mwizi ni nani. Mpaka leo sijui, wala hakuna ajuaye. Nilichojua ni kwamba sijui, na kwamba jina la mtu lilikuwa limekaa juu ya kutojua kwangu.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Shaban. Rafu zilikuwa nusu tupu. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai, akaanza kunieleza habari za mkutano wa kampeni. Nikamwambia nitaliondoa shauri.

Akakisukuma kikombe chake pembeni. "Dada Mwanaidi, uchaguzi ni wiki mbili zijazo."

"Najua, kaka."

"Nimekutangaza kila mahali. Nimewaambia watu, huyu mama mwizi hamponyoki. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie mwendesha mashtaka hakujua."

"Mwendesha mashtaka asiyejua ni wa nini?"

"Wa kusema hajui, kabla mtu hajafukuzwa."

Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Mzigo wangu umekwenda. Watoto wangu watakula maneno yako mazuri?" Akasimama, na mimi nikasimama. Alinifungulia mlango kwa heshima, kama anavyomfungulia mteja. Sikumlaumu. Aliyeibiwa anataka uso wa kuukasirikia, na mimi nilikuwa namnyang'anya ule pekee aliokuwa nao.

Jumapili nilisimama barazani nikasema ninaliondoa shtaka, nikaeleza koti, jua na kibanda. Mama Neema alisimama bila kuitwa akasema mbele ya watu kwamba alikosea. Ukitaka kujua ushujaa ni nini, uwe mwanamke anayeishi kwa wateja, kisha usimame ukumbini useme macho yako yalikudanganya. Papa Mulumba akalifunga shauri. Kelele zilikuwa nyingi. Nilipotoka nje sikuwa na kampeni tena.

Ukumbi wa Shaban ukafungwa. Waliokuwa wakinisalimia kwa mbali wakaanza kuwa na shughuli. Uvumi ukazuka kwamba Wakongo wamenipa kitu. Nililia jikoni kwangu, nasema kweli, na nikamwambia Rehema tuache tu, Otieno achukue.

"No ways," akasema Rehema, na hapo ndipo alipokwenda kuchapisha yale matangazo.

Nawaambieni, kosa lile la Kiswahili lilinisaidia kuliko hotuba zangu zote. Watu walicheka, na mtu akikucheka kwa wema anakusogelea. Vinyozi walinitania, "Mama Kila Mtu, karibu." Mama Neema akanipa nafasi kando ya kiti chake, nikawa nakaa kati ya wanawake wanaosukwa, nikajibu maswali. Msusi hana ukumbi, lakini mtu akikaa kwake hawezi kuondoka kabla ya kumaliza kukusikiliza. Nyumba za Bertrams nilizipanda ngazi kwa ngazi mpaka magoti yakaniapiza. Hapo ndipo nilipowajua wanachama wangu. Miaka yote nilikuwa nikiwaona wakiwa walalamikaji na washtakiwa. Sasa niliwaona wakichambua mchicha, wakiosha watoto, wakinikaribisha chakula ambacho hakikuwatosha.

Na Otieno naye nimshukuru, maana kuna la kumshukuru. Katika mkutano wetu wa pamoja, kabla ya kura, mtu mmoja alisimama nyuma akapaza sauti kwamba mimi nimenunuliwa. Otieno akainuka kabla yangu.

"Mimi ninashindana na huyu mama, na ninataka mnipe kura," akasema. "Lakini hiyo si ukweli. Sijawahi kusikia amenunuliwa na mtu. Tupinge kazi yake, tusipinge jina lake. Tafadhali uondoe hayo maneno."

Yule mtu aliketi. Otieno angeweza kukaa kimya tu, na kukaa kimya kungempa ushindi. Mtakapogombea nyinyi, na mtagombea kwa nguvu kama vijana mlivyo, mkumbuke kwamba mshindani wako ndiye mtu anayeweza kukulinda pale ambapo rafiki zako hawasikilizwi.

Kura zikapigwa, zikahesabiwa ubaoni mbele ya wote. Nilishinda, kwa tofauti ya kura chache sana. Otieno alinipa mkono na kuniambia, "Shapu, Mama, ni sawa. Nitakuwa nakuangalia." Na aliniangalia kweli, muhula mzima.

Shaban hakuja siku hiyo. Idd ilipofika, alikuja nyumbani na sahani ya kaimati iliyofunikwa kwa kitambaa. Akakaa, akala na sisi, akamtania Rehema juu ya Kiswahili chake. Akiwa anaondoka akasema, "Mimi bado naona ulikosea." Nikamwambia ana haki. Hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lile, na hatujawahi kukosa Idd. Nimejifunza kwamba urafiki unaweza kubeba shauri lisilokwisha.

Sasa Dieudonné. Alirudishwa langoni, na kibanda kikawekwa mlango na kufuli. Siku chache baada ya uchaguzi alikuja dukani kwangu Kensington, amevaa nguo zake za kanisani. Nikajua amekuja kushukuru, na nakwambieni moyo wangu ulikuwa umejitayarisha kushukuriwa. Nilikuwa nimekwisha kujifuta mikono iliyojaa bizari.

"Mama," akasema, "nilikuya kukuambia neno mimi mwenyewe, usilisikie kwa watu. Sikukupigia kura. Nilipigia Otieno."

Mteja aliyekuwa akichagua pilipili alijifanya hasikii. Nilimwuliza kwa nini, na sauti yangu ilitoka kavu kuliko nilivyotaka.

"Ulinisaidia sana. Aksanti, na nitasema aksanti mpaka kufa kwangu. Lakini ile siku ya kwanza, ulisimama ukasoma jina langu mbele ya watu wote. Bibi yangu alikuwa pale, watoto walikuwa pale. Mbele ya kusoma, hukuniuliza hata neno moja." Bibi, kwao, ni mke, na mbele ya ni kabla ya. "Mtoto wangu mkubwa aliniuliza njiani, Papa, umeiba? Nilimwambia hapana. Aliniamini, lakini aliniuliza."

Ilikuwa ndiyo kanuni yetu wakati ule. Shtaka linasomwa kwanza ukumbini, kisha mshtakiwa anaulizwa. Hata Papa Mulumba, alipoishika nafasi ile kabla yangu, alifanya hivyo. Ningeweza kumwambia hayo, na yangekuwa kweli. Lakini nilimtazama amesimama pale na suti yake, mtu aliyepanda teksi mbili siku yake ya mapumziko aje kuniambia usoni jambo ambalo hakuna ambaye angelijua, na maneno ya kanuni hayakunitoka. Nikamvutia kiti. Nikampa chai na sambusa. Tukakaa muda mrefu, akanieleza jinsi mkewe alivyoacha kwenda sokoni wiki zile, na mimi nikamsikiliza.

Jambo la kwanza nililolipeleka kwa wazee katika muhula wa pili lilikuwa hilo: jina la mtu lisisomwe ukumbini mpaka mwendesha mashtaka amekwenda kukaa naye, amemsikia, na amekwenda mahali pa tukio. Otieno ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliunga mkono. Kanuni ile mnayo mpaka leo, nanyi huwa mnanung'unika kwamba inachelewesha mashauri. Inachelewesha kweli. Mkisikia hamu ya kuifuta, kwanza mkakae na mtu mmoja aliyewahi kusomwa jina kabla haijawapo.

Nimeshukuriwa mara nyingi katika maisha yangu, kwa zawadi, kwa dua, kwa vigelegele. Nashukuru zote. Lakini Dieudonné alinipa kitu kingine. Anayekuogopa atakupa kura, na anayejiona ana deni kwako atakupa kura. Yeye hakuniogopa, wala hakujiona ana deni kwangu kwa kuwa nilitenda haki iliyokuwa yake tangu mwanzo. Alikuwa mwanachama huru anayejua thamani ya jina lake, na kazi yetu yote ni kumfanya kila mwanachama awe hivyo.

Alipokuwa mlangoni anaaga, nikashindwa kujizuia. "Na uchaguzi ujao, baba?"

Dieudonné akafikiri, kofia mkononi, kwa uaminifu wa mtu anayetoa ushahidi.

"Tutaona, Mama," akasema.